Kipi Kimo, Kipi Hakimo: Jumla za Makundi katika Modeli za Fedha

Mazungumzo haya yanahusu kazi inayofanyika kila siku katika ofisi za uhasibu, benki, halmashauri na wizara, ambayo kwa kuwa inaonekana nyepesi haipewi uangalifu unaoistahili: kazi ya kukusanya vigeu vingi na kuvijumlisha kwa makundi ndani ya programu za kutengenezea modeli za fedha. Modeli ya fedha ni hesabu iliyopangwa katika kompyuta ili kuonyesha namna fedha za kampuni, mradi au serikali zitakavyoingia, zitakavyotoka na zitakavyobaki katika miezi au miaka ijayo. Kigeu ni kiasi chochote ndani ya hesabu hiyo kinachoweza kupanda au kushuka, kama bei ya dizeli, idadi ya safari, mishahara ya madereva au riba ya mkopo. Na jumla ya kundi ni namba moja inayosimama mahali pa vigeu kadhaa, kama pale mafuta, matairi, posho za safari na matengenezo ya magari vinapoandikwa kwa mkupuo kuwa gharama za uendeshaji. Mkurugenzi, mbunge au ofisa mikopo wa benki mara nyingi huziona jumla hizo tu, wala hafiki kwenye vigeu vilivyo chini yake, na kwa hiyo uamuzi wa kipi kiingie katika kundi gani huwa umekwisha kufanywa na mtu mwingine kabla yeye hajaketi kusoma.

Kujumlisha kwenyewe ni kazi ambayo kompyuta haikosei. Makosa makubwa yaliyowahi kutokea katika eneo hili yametokana na mambo yanayotangulia kujumlisha, yaani nani amehesabiwa kuwa mwanachama wa kundi, kila mwanachama amepewa uzito gani, na kama wanachama hao kweli ni wa aina inayoweza kujumlishwa. Ndiyo maana kila jumla inapaswa kusomwa kama kauli inayodai kwamba vitu hivi, na si vingine, vinahesabika pamoja kwa shabaha iliyokusudiwa, na kauli hiyo inahitaji kuthibitishwa kama zinavyothibitishwa kauli nyingine.

Chanzo cha sehemu kubwa ya tatizo kimo katika umbo la chombo chenyewe. Programu ya lahajedwali iliyowafikisha watu wengi kwenye hesabu za aina hii ni VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, ikiwa ni kazi ya Dan Bricklin, aliyepata wazo hilo alipokuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwenzake Bob Frankston. Baadaye ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel, iliyotolewa kwanza kwa kompyuta za Macintosh mwaka 1985. Programu zote hizo zina msingi mmoja, yaani ukurasa uliogawanywa katika safu zenye herufi na mistari yenye namba, ambapo kila mraba, unaoitwa seli, hutambulika kwa anwani ya safu na mstari wake. Anayetaka jumla ya gharama huiagiza programu ijumlishe kuanzia seli B5 hadi seli B12, nayo hutii, lakini haijui kwamba B5 ni mafuta na B12 ni bima, kwa kuwa inachokijua ni mahali tu.

Udhaifu wa utaratibu huo hujitokeza pale kazi inapobadilika, na katika biashara hakuna kazi isiyobadilika. Mfano wa kubuni utasaidia: kampuni ya malori inayosafirisha mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam ina orodha ya gharama nane, kuanzia mstari wa 5 hadi wa 12, na jumla yake imeandikwa katika mstari wa 14. Katikati ya mwaka kampuni inaanza kulipia ufuatiliaji wa magari kwa setilaiti, na mhasibu anaiandika gharama hiyo mpya katika mstari wa 13, uliokuwa mtupu, chini kabisa ya orodha. Kwa macho ya msomaji gharama hiyo imo ndani ya kundi, kwa kuwa iko juu ya mstari wa jumla na imeandikwa kwa herufi zilezile, lakini fomula bado inaishia B12, na programu haina wajibu wa kumwonya yeyote. Kama mstari ungeingizwa katikati ya orodha, fomula ingejinyoosha yenyewe na kuumeza. Kwa kuwa umeongezwa ukingoni, mara nyingi hubaki nje. Kampuni itaendelea kuripoti faida kubwa kuliko ile iliyopatikana, na kosa litadumu hadi mtu atakapobofya seli ya jumla na kusoma kilichoandikwa ndani yake, jambo ambalo watu wachache hulifanya pale matokeo yanapopendeza.

Mfano mashuhuri wa kosa la jinsi hii haukutoka katika kampuni ndogo. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha nchini Marekani makala fupi kuhusu uhusiano wa deni la serikali na ukuaji wa uchumi, ambamo miaka ya nchi 20 zilizoendelea, kuanzia 1946 hadi 2009, iligawanywa katika makundi manne kulingana na ukubwa wa deni ukilinganishwa na pato la taifa. Katika kundi la juu, lenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato, wastani wa ukuaji ulitolewa kuwa chini ya sifuri, yaani uchumi ulisinyaa kwa asilimia 0.1 kwa mwaka, na matokeo hayo yakatajwa sana na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakitetea kubana matumizi ya serikali baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Miaka mitatu baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, alijaribu kuirudia hesabu hiyo na kushindwa kupata matokeo yaleyale, hadi alipopewa lahajedwali lenyewe na waandishi. Ndani yake alikuta kwamba fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 na kuishia mstari wa 44, ilhali orodha ya nchi iliendelea hadi mstari wa 49, na kwa hiyo nchi tano, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, ziliachwa nje bila yeyote kukusudia.

Watu wengi huikomesha hadithi hiyo hapo, na kufanya hivyo ni kuikosa sehemu yake yenye manufaa zaidi, kwa sababu Herndon na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin walionyesha katika uchambuzi wao wa mwaka 2013 kwamba mistari mitano iliyosahauliwa ilichangia sehemu ndogo tu ya tofauti. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na data za miaka kadhaa ambazo hazikuingizwa katika hesabu, na pia namna wanachama wa kundi walivyopewa uzito. Waandishi wa makala ya awali walitafuta kwanza wastani wa kila nchi ndani ya kundi, kisha wakatafuta wastani wa wastani hizo, bila kujali nchi ilikaa ndani ya kundi kwa muda gani. Uingereza ilikuwa na miaka 19 katika kundi la deni kubwa, ikikua kwa wastani wa asilimia 2.4, na New Zealand ilihesabiwa kwa mwaka mmoja tu, 1951, ambapo uchumi wake ulishuka kwa zaidi ya asilimia 7; hata hivyo mwaka ule mmoja wa New Zealand ulipewa uzito sawa na ile miaka 19 ya Uingereza. Herndon na wenzake walipoingiza data zote na kuupa kila mwaka uzito wake, wastani wa kundi lilelile ulitoka kwenye kusinyaa kwa asilimia 0.1 na kuwa ukuaji wa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula lakini walitetea mantiki ya uzito waliouchagua, na katika hilo wana haki ya kusikilizwa, kwa maana kuchagua uzito ni suala la hoja, wala si suala la kubofya seli isiyo sahihi. Lawama inayobaki ni kwamba chaguo hilo lilikuwa limefichika ndani ya lahajedwali, mahali ambapo msomaji wa makala asingeweza kuliona wala kulipinga.

Suala la uzito huwapata hata watu wasiokuwa na shughuli yoyote na uchumi wa dunia. Ile kampuni ya malori, tuseme, ina njia mbili: njia ya Tunduma huiletea mapato ya shilingi milioni 400 kwa gharama ya milioni 320, na njia ya Kigali huleta milioni 100 kwa gharama ya milioni 60. Faida ya njia ya kwanza ni asilimia 20 ya mapato, na ya njia ya pili ni asilimia 40. Mtu akiziweka asilimia hizo mbili katika kundi moja na kuiagiza programu itoe wastani, atapata asilimia 30, ambayo ni namba safi isiyoleta ujumbe wowote wa kosa kwenye kioo, lakini haielezi chochote kilichotokea katika kampuni hiyo. Faida halisi ni milioni 120 katika mapato ya milioni 500, yaani asilimia 24, na anayepanga bajeti ya mwaka unaofuata kwa asilimia 30 atakuwa ameahidi milioni 30 ambazo hazipo. Kanuni inayofuata kutokana na mfano huu ni kwamba uwiano haujumlishwi wala hautafutiwi wastani juu kwa juu. Kinachojumlishwa ni kile kilicho juu ya mstari wa kugawanya na kile kilicho chini yake, kila kimoja peke yake, kisha uwiano wa kundi hutafutwa upya kutokana na jumla hizo mbili.

Vipo vigeu vingine vinavyokataa kujumlishwa kwa sababu ya wakati. Wahasibu hutofautisha kiasi kinachotiririka, kama mauzo ya mwezi, na kiasi kilichopo kwa tarehe fulani, kama bakaa ya benki. Mauzo ya Januari, Februari na Machi yakijumlishwa huwa mauzo ya robo mwaka, lakini bakaa ya milioni 40 mwishoni mwa Januari, milioni 55 mwishoni mwa Februari na milioni 30 mwishoni mwa Machi haziwi milioni 125, kwa kuwa fedha zilizopo mwishoni mwa robo hiyo ni milioni 30 tu. Vivyo hivyo malori 12 yaliyokuwapo kila mwezi hayageuki kuwa malori 36. Modeli nzuri humlazimisha mtengenezaji aseme, kwa kila kigeu, namna kitakavyofupishwa kinapopanda kutoka miezi kwenda robo na kutoka robo kwenda mwaka: kijumlishwe, kichukuliwe cha mwisho, au kitafutiwe wastani wenye uzito. Hata sarafu nazo zina madai yake, kwani malipo ya dola hayawezi kuketi katika kundi moja na malipo ya shilingi kabla ya kubadilishwa, na kiwango cha kubadilishia kikiwa cha tarehe ya muamala kwa njia moja na cha mwisho wa mwaka kwa njia nyingine, jumla itakayopatikana itakuwa imebeba tofauti isiyotokana na biashara yoyote.

Alama ya kujumlisha au kutoa nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Wako wanaoandika gharama kama namba chanya na kuzitoa kwenye mapato, na wako wanaoziandika kama namba hasi ili kila kitu kijumlishwe moja kwa moja. Kila utaratibu unafaa, mradi modeli nzima ishike mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1994 mfuko wa uwekezaji wa Magellan, unaosimamiwa na kampuni ya Fidelity ya Marekani, ulitangaza makadirio ya gawio la dola 4.32 kwa kila hisa, kisha ukalazimika kuyafuta kwa sababu alama ya kutoa ilikuwa imesahauliwa mbele ya hasara ya dola bilioni 1.3, na hasara hiyo ikajumlishwa kama faida. Kosa la alama lina tabia ya kuongezeka maradufu, kwani kiasi ambacho kingepunguza jumla kimeiongeza, na hivyo makadirio ya Magellan yalizidi ukweli kwa dola bilioni 2.6.

Watengenezaji wa programu waliliona mapema tatizo la kutambua vitu kwa mahali, na baadhi yao wakajaribu njia nyingine. Mwaka 1991 kampuni ya Lotus ilitoa Improv kwa ajili ya kompyuta za NeXT, programu iliyotenganisha data, fomula na namna ya kuzitazama, ambapo fomula ziliandikwa kwa majina, kwa mfano faida ni mapato kutoa gharama, na vitu vya aina moja viliweza kufungwa katika kundi lenye jina na jumla yake. Kwa mpangilio huo, gharama mpya inayoingizwa ndani ya kundi huingia katika jumla bila mtu kuigusa fomula. Improv haikudumu sokoni, lakini wazo lake liliendelea katika programu nyingine. Katika TM1, iliyoanzishwa na Manny Perez katika miaka ya 1980 na ambayo sasa iko mikononi mwa IBM, kila kipengele cha jumla hutajiwa watoto wake, na kila mtoto hupewa uzito wake, chanya kwa mapato na hasi kwa gharama, kiasi kwamba alama haiachwi itegemee kumbukumbu ya anayeingiza namba. Watumiaji wa Excel nao wanaweza kufika karibu na hapo bila kununua kitu kipya, kwa kuweka safu ya lebo pembeni ya kila kigeu na kuiagiza programu ijumlishe kila kilicho na lebo fulani popote kilipo, badala ya kujumlisha kutoka seli hii hadi ile.

Jambo dogo lakini lenye madhara ni jumla ndogo zilizopachikwa katikati ya safu. Orodha ikiwa na gharama za barabara na jumla yake, kisha gharama za ofisi na jumla yake, na chini kabisa mtu akajumlisha safu yote kuanzia juu, kila shilingi itahesabiwa mara mbili. Excel ina fomula iitwayo SUBTOTAL iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hiyo, kwa kuwa inapojumlisha safu huziacha seli nyingine zenye SUBTOTAL na kuhesabu vigeu vya msingi peke yake. Kosa linalofanana na hilo hutokea kati ya kampuni mama na kampuni tanzu. Kampuni ya malori ikiwa na gereji tanzu iliyopata milioni 50, na milioni 30 kati ya hizo zimetoka kwa malori ya kampuni yenyewe, mapato ya kundi zima hayawi milioni 550, bali milioni 520, kwa kuwa milioni 30 zilizunguka ndani ya nyumba bila mteja yeyote wa nje kuzilipa.

Pale ambapo suala hili linagusa maisha ya watu wengi zaidi ni katika bajeti za serikali. Bajeti ya Tanzania hupangwa kwa mafungu, ambapo kila wizara au taasisi ina fungu lake lenye namba: Wizara ya Fedha ni Fungu 50, Wizara ya Afya ni Fungu 52, Wizara ya Elimu ni Fungu 46, na ndani ya mafungu mna vifungu na kasma, yaani mistari midogo ya matumizi kama mishahara, posho au ununuzi wa dawa. Mtu anayetaka kujua serikali inatumia kiasi gani kwa afya atavutwa kusoma jumla ya Fungu 52 na kuishia hapo, na jibu lake litakuwa pungufu, kwa sababu zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, ambazo fedha zake hupitia Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, pamoja na mafungu ya mikoa. Mwalimu wa shule ya msingi naye halipwi kupitia fungu la Wizara ya Elimu. Nchini Kenya, tangu huduma za afya zilipohamishiwa kwa serikali za kaunti 47 kufuatia katiba ya mwaka 2010, mtu akisoma bajeti ya wizara ya taifa peke yake ataiacha nje sehemu kubwa ya fedha za hospitali. Fungu linajibu swali la nani amekabidhiwa fedha, na si swali la fedha zimefanya nini.

Kwa swali hili la pili, Umoja wa Mataifa una mfumo wa kuainisha shughuli za serikali, uliorekebishwa mwaka 1999, wenye makundi makuu 10, ambamo kundi la 7 ni afya na la 9 ni elimu. Kila matumizi hupewa lebo ya shughuli inayofanyika, hata kama yametawanyika katika mafungu mengi, kisha jumla hutafutwa kwa kufuata lebo. Thamani ya mfumo huo inaonekana katika mambo ya mpakani, ambako akili ya kawaida hugawanyika. Hospitali ya uwanja wa vita, inayowafuata askari, huhesabiwa katika ulinzi, lakini hospitali ya kudumu iliyo kambini huhesabiwa katika afya, na chuo cha jeshi chenye mtaala unaofanana na wa vyuo vya kiraia huwekwa katika elimu. Mtu anaweza kubishana na mipaka hiyo, lakini imeandikwa, inajulikana, na nchi mbili zinazoifuata zinaweza kulinganishwa.

Ukosefu wa mipaka ya namna hiyo umeutatiza mjadala wa Azimio la Abuja, ambalo viongozi wa nchi za Afrika walilipitisha Aprili 2001 wakiahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa sekta ya afya. Asilimia ni kundi moja likigawanywa kwa kundi jingine, na hapa makundi yote mawili yana utata. Kwa namba za mfano tu, bajeti ikiwa ni 1,000, malipo ya deni la taifa yakiwa 300 ndani yake, na afya ikipata 84, anayegawanya kwa bajeti nzima atatangaza asilimia 8.4, na anayeondoa kwanza deni, kwa hoja kwamba fedha hizo haziko mikononi mwa wapangaji, atatangaza asilimia 12. Wote wawili wamehesabu sawasawa kutoka katika kitabu kimoja. Mchambuzi anayetoa mojawapo ya namba hizo bila kusema kama deni limo au halimo anawanyima wananchi nafasi ya kujua kama wanajadili ahadi iliyokaribia kutimizwa au ahadi iliyoachwa nusu ya njia, na kwa jambo linalogusa vitanda vya wazazi na dawa za watoto, ukimya huo ni mzito kuliko kosa la fomula.

Wasimamizi wa uhasibu duniani wamelipa jambo hili uzito mpya. Bodi ya viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambayo viwango vyake hutumika Kenya na Tanzania, ilitoa Aprili 2024 kiwango kiitwacho IFRS 18, kitakachoanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada yake. Kiwango hicho kinaitaka kampuni ipange mapato na gharama zake katika makundi yaliyoainishwa, yakiwemo ya uendeshaji, uwekezaji na upatikanaji wa mitaji, na ionyeshe jumla ndogo mbili za lazima, ambazo ni faida ya uendeshaji na faida kabla ya gharama za mitaji na kodi ya mapato. Kabla ya hapo kila kampuni iliweza kuitaja faida ya uendeshaji kwa maana iliyoipenda, na mwekezaji aliyelinganisha kampuni mbili alilinganisha jina tu. Kiwango hichohicho kinatoa mwongozo wa lini vitu vijumuishwe na lini vitenganishwe, na kinaweka masharti juu ya mstari unaopendwa na wahasibu wenye haraka, ule unaoandikwa nyinginezo: jina hilo litumike tu pale ambapo jina linaloeleza zaidi halikupatikana. Modeli ambayo kundi lake la nyinginezo limekuwa kubwa kuliko makundi yenye majina inatangaza kwamba mtengenezaji wake hajamaliza kazi.

Kwa anayetengeneza modeli leo, iwe ya saccos, ya hospitali au ya halmashauri, ulinzi wa kwanza ni seli ya uhakiki, ambayo huchukua jumla ya makundi yote na kuitoa kwenye jumla ya vigeu vya msingi iliyopatikana bila kupitia makundi, na ambayo inapaswa kusoma sifuri daima. Ikisoma tofauti, kuna kigeu kisicho na kundi au kilicho katika makundi mawili, na ukubwa wa tofauti hiyo mara nyingi humpeleka mtu moja kwa moja kwenye mstari wenye kosa. Pale vigeu vinapokuwa na lebo za aina mbili, kwa mfano kwa fungu na kwa shughuli, jumla kuu ya njia zote mbili lazima ilingane. Hata hivyo uhakiki huo haumtambui mwanachama aliyewekwa katika kundi lisilo lake, kwa kuwa tairi likiandikwa chini ya gharama za ofisi jumla kuu itabaki vilevile na ile sifuri haitatikisika. Hapo inahitajika orodha ya wanachama wa kila kundi, iliyochapishwa kwa majina, ikasomwe na meneja wa gereji, muuguzi mkuu au ofisa ugavi, ambaye huenda hajawahi kuandika fomula lakini anajua tairi linanunuliwa kwa kazi gani.